Majagi Mawili

Siku ya kumwaga zege nyumbani kwa mkwe wangu, Wete,
jua la kaskazi liliingia bila kupiga hodi.
Saa nne tu, na bati la jirani
lilikuwa likialika ta, ta, kama linakaangwa.
Wanaume ishirini na ushei, ndoo mkono kwa mkono,
na jikoni sisi wawili, mimi na wifi Riziki,
kapu la ndimu katikati yetu
kama kesi mbele ya kadhi.

Mimi wa Makunduchi. Kwetu
ndimu huviringishwa kwanza, sakafuni, kwa kiganja,
mpaka ilegee, mpaka ngozi ing'are
na harufu itoke kabla ya kisu.
Nikaanza kuviringisha.
"Wifi," akasema, "hizo ndimu, au wakanda chapati?"

Nikanyamaza. Kimya changu kina meno.

Yeye hukata tu, kacha, kacha,
hukamua pamoja na kokwa,
na maganda huyaacha yaelee humo humo jagini,
kisha iliki aliyoitwanga usiku,
kisha chembe ya chumvi, ya kuiamsha sukari.
Maganda, nikamwambia, yatatia uchungu.
"Uchungu kidogo ni adabu," akajibu.
"Utamu mtupu huo ni wa wageni,
siku ya tatu umeshachosha."
Neno lile nililijua. Lilishonwa kwa vipimo vyangu.

Basi nikabandika sufuria yangu.
Sukari kwetu haikorogwi mbichi ikabaki chini inasagika;
huchemshwa na maji kikombe na majani ya mnanaa
mpaka iwe shira nyepesi, ya kudondoka si ya kuvutika,
ikapoa, ndipo ikutane na ndimu.
Nilieleza yote hayo kwa sauti. Hakuna aliyeniuliza.

Umeme ulikatika tangu juzi.
Shaame akatumwa bandarini na baiskeli,
akarudi na barafu guniani, amefurahi, jasho tupu.
Tukafungua gunia.
Barafu ya vibua!
Hata paka aliinuka.

Ikabaki mtungi wa Bi Time, pembeni, juu ya mchanga,
uliofukizwa ubani alfajiri,
ambao hakuna mke wa mtoto wala mtoto
aliyewahi kuugusa bila kuombwa.
Tukatazamana.
Wifi akauinamisha, mimi nikachota na kata ya kifuu,
moja kwake, moja kwangu, moja kwake,
na maji yalikuwa baridi ile isiyotoka kwenye friji,
baridi ya udongo, yenye moshi mtamu nyuma yake.
Hapo ndipo nilipoona kidole chake:
ukucha umemeguka, ndimu imepenya, chekundu.
Alikuwa amekamua hivyo asubuhi nzima.
Nikakimwagia kata moja. Hakusema ahsante.
Alisema, "Utayamaliza maji."

Wakanywa. Wallahi walikunywa!
Fundi Kombo alipiga gilasi tano,
tatu za jagi lake, mbili za langu, nilihesabu,
na kijana mmoja, saruji mpaka kwenye kope,
aliinua kila gilasi akasema "Mashaallah"
kwa sauti ile ile, mjinga yule,
tusipate hata cha kugombania.

Mwisho tukampelekea Bi Time, ukumbini,
kila mmoja na gilasi yake, tumesimama
kama watoto wanaosubiri kusahihishiwa daftari.
Akatazama ya kulia. Akatazama ya kushoto.
Akajifuta shingo kwa ncha ya kanga.
"Wanangu," akasema, "mimi nipeni maji."

Na mtungini hamna tone.

Tulitoka na ndoo moja, hatuangaliani,
tukakaza midomo mpaka nyuma ya banda la kuku,
na huko kicheko kikatuangusha.
Kisimani, kamba ikiwa mikononi mwetu sote,
wifi akaniuliza, macho yako majini,
kama mtu asiyeuliza kitu:
"Shira ile... huipika kwa moto mdogo?"